Faili Lipi Lipangwe Upya Kwanza?

Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, kata za Bungu, Mchukwi na Kibiti zilikwenda na wilaya mpya. Ikwiriri, Mgomba na Umwe zikabaki Rufiji. Kwa msafiri wa barabara ya Kusini hakuna kilichobadilika: unapita Bungu, unapita Kibiti, unafika Ikwiriri, kisha Ndundu unavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lile la karibu mita 970 lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwapumzisha watu na foleni ya pantoni. Lakini popote palipokuwa na programu ya kompyuta yenye neno "Rufiji" ndani ya masharti yake, palizaliwa kazi.

Kata hizo sita hazikutajwa hapa kwa bahati. Ndizo zilizokuwa eneo la ufuatiliaji wa kaya la Rufiji, lililoanza mwaka 1998 chini ya mradi wa afya wa TEHIP. Watu wapatao 85,000 waliandikwa, na kaya zao zikawa zinatembelewa kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kahamia. Baada ya mgawanyo, eneo moja la utafiti likawa limekaa katika wilaya mbili. Mtu aliyeandika programu ya takwimu za Rufiji miaka ya nyuma hakuwa na kosa lolote. Mipaka ndiyo iliyohama. Anayepata shida ni yule anayerithi programu hiyo, anayeambiwa Jumatatu asubuhi kwamba ripoti ya Kibiti itenganishwe, na akifungua folda anakuta mafaili mia tatu.

Mwongozo huu ni wa mrithi huyo. Huenda ni afisa TEHAMA wa halmashauri, au kijana aliyeajiriwa na mradi wa afya, au programa wa kujitegemea aliyekubali kazi kabla hajauona msimbo. Swali lake ni moja: katika rundo hili, nianze kupanga upya wapi? Zipo programu za kumsaidia kujibu. Zinachambua msimbo zenyewe bila kuuendesha, na nyingi ni za bure. Ila zina tabia ya kumpa mtu orodha ya makosa elfu nne na kumwacha amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Kabla ya zana

Tukubaliane kwanza juu ya kazi yenyewe. Kupanga upya msimbo ni kubadilisha mpangilio wake wa ndani huku matokeo yake kwa mtumiaji yakibaki yale yale. Ripoti ya mwezi iliyotoa jumla ya 412 jana itoe 412 kesho. Ukirekebisha kosa la hesabu, hiyo ni kazi nyingine. Ukiongeza kitufe cha kuchapisha, hiyo nayo ni nyingine. William Opdyke aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu jambo hili mwaka 1992, na kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999 ndicho kilicholifikisha kwa waandishi wa programu wa kawaida. Mpaka leo, wengi wanaosema wanapanga upya msimbo huwa wanafanya kazi zote tatu kwa mpigo, na kitu kikiharibika hawajui ni ipi iliyoharibu.

Kuhusu uchambuzi wa moja kwa moja, watu waliofanya kazi ya takwimu Rufiji wana haki ya kusema wameuzoea kwa sura nyingine. Programu ya HRS iliyotumika kule, iliyoandikwa kwa FoxPro na kutumika kwanza Navrongo, Ghana, ilikuwa inakataa matukio yasiyowezekana. Aliyekwisha kuandikwa kuwa amefariki haandikwi kuwa amehama. Mwanamume haandikiwi ujauzito. Programu haikumjua marehemu wala mjamzito. Ilijua kanuni tu, ikapitisha kila rekodi mbele ya kanuni hizo. Vichambuzi vya msimbo vinafanya hivyo hivyo, isipokuwa rekodi yao ni mstari wa programu. Cha kwanza kujulikana sana kiliitwa lint, kazi ya Stephen Johnson wa Bell Labs mwishoni mwa miaka ya 1970, na vya leo ni wajukuu zake.

Ugumu unavyohesabiwa

Kipimo utakachokutana nacho kila mahali ni kile cha Thomas McCabe cha mwaka 1976. Anza na 1, kisha ongeza 1 kwa kila mahali ambapo programu inachagua njia: kila "if", kila mzunguko, kila sharti. Jibu ni idadi ya njia zinazojitegemea ndani ya funksheni, na kwa hiyo linakupa picha ya majaribio unayohitaji ili uipime vizuri. McCabe mwenyewe alipendekeza funksheni isivuke 10.

Tuangalie mfano. Nimeubuni, lakini aliyewahi kurithi mfumo wa halmashauri ataona sura yake ni ya kawaida:

    def hesabu_ripoti(r):
        if r.wilaya == "Rufiji":
            if r.kata in ("Bungu", "Mchukwi", "Kibiti"):
                if r.mwaka >= MWAKA_WA_KUGAWANYWA:
                    r.wilaya = "Kibiti"

Masharti ni matatu, kwa hiyo kipimo cha McCabe kinasema 4. Ungeyaweka masharti hayo hayo matatu moja chini ya jingine, bila kuyaingiza ndani kwa ndani, McCabe angesema 4 vilevile. Lakini macho yako yanajua si sawa. Kwenye funksheni iliyoingiza masharti ndani ya masharti, ukifika mstari wa mwisho unatakiwa uwe bado unakumbuka mambo matatu kichwani. Ndiyo maana kampuni ya SonarSource ilileta kipimo kingine kinachotoza zaidi kadiri unavyozama: sharti la kwanza 1, la ndani yake 2, la ndani zaidi 3. Kwa mfano wetu jumla ni 6. Kwa masharti yaliyopangwa sambamba ni 3. Katika programu yao ya SonarQube, kikomo cha kawaida cha kipimo hiki ni 15 kwa funksheni moja.

Mimi huamini zaidi kipimo hiki cha pili ninapotafuta mahali pa kupanga upya, na kile cha McCabe ninapokadiria majaribio ya kuandika. Usivitumie kuwapangia watu madaraja. Mwandishi akijua atapimwa kwa 15, ataivunja funksheni moja ya 30 iwe mbili za 15 zenye majina kama sehemu_a na sehemu_b, na hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Sasa rudi kwenye mfano. Ugumu wake wa 6 ni mdogo, hakuna zana itakayoulalamikia. Tatizo lake ni kwamba orodha ile ya kata, "Bungu", "Mchukwi", "Kibiti", haiko mahali pamoja. Iko kwenye ripoti ya chanjo, iko kwenye ripoti ya vifo, iko kwenye ukurasa wa kuchagua kituo, na mahali pamoja mtu kaandika "Mchukwe". Hapa kinachohitajika ni kitafuta marudio. Zana ya PMD ina kimoja kinachoitwa CPD, na kinasoma lugha nyingi:

    pmd cpd --minimum-tokens 100 --language php --dir src

Namba 100 ni urefu wa kipande kinachorudiwa, ukihesabu vipashio vya msimbo badala ya mistari. Ukiishusha hadi 50 utaona mengi zaidi, yakiwemo mengi yasiyo na maana. Orodha fupi ya majina ya kata haitanaswa hata kwa 50. Hiyo itafute kwa grep ya kawaida, ukianza na jina moja la kata. Najua grep haina fahari, lakini kwa majina ya mahali yaliyoandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo hakuna zana inayoishinda.

Dawa ya mfano wetu ni jedwali moja lenye safu nne: kata, wilaya, tangu lini, hadi lini. Funksheni inaliuliza jedwali kata hii ilikuwa wilaya gani tarehe ile, basi. Siku kata nyingine ikigawanywa, anayebadilisha jedwali anaweza kuwa karani wa takwimu, na programa haamshwi usiku.

Usiogope pia kuacha marudio mengine yakae. Funksheni mbili zinaweza kufanana leo kwa sababu fomu ya watoto na fomu ya wajawazito zina safu zinazofanana. Zikiunganishwa, mwakani wizara ikibadilisha fomu moja tu, utaanza kuongeza masharti ndani ya ile funksheni ya pamoja, na ugumu utapanda tena. Jiulize kama zitabadilika kwa sababu moja. Kama hapana, ziache.

Kipande cha Ndundu–Somanga

Ukishaendesha vipimo utakuwa na orodha ya mafaili magumu. Kosa la kawaida ni kuanza na lililo juu. Kwa miaka mingi barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikuwa na lami sehemu kubwa, isipokuwa kipande cha kilomita kama 60 kati ya Ndundu na Somanga. Masika mabasi yalikwama humo na abiria wakalala njiani. Ndani ya Rufiji kulikuwa na barabara mbovu kuliko hiyo, za kuelekea Mwaseni au Ngarambe, ila kilio cha nchi nzima kilikuwa Ndundu kwa sababu kila basi la Lindi na Mtwara lililazimika kupita pale. Katika msimbo, faili la kushughulikia kwanza ni lile ambalo ni bovu na kila mtu analipita.

Kwa maneno mengine, unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni ugumu. Ya pili ni idadi ya mara ambazo faili limebadilishwa, na hiyo haimo ndani ya msimbo. Imo kwenye kumbukumbu za Git. Adam Tornhill, programa wa Sweden, ameandika sana kuhusu kuzisoma namba hizi mbili pamoja. Amri hii inakupa mafaili 20 yaliyoguswa zaidi tangu tarehe uliyoitaja:

    git log --no-renames --since=2025-01-01 --name-only --pretty=format: | grep . | sort | uniq -c | sort -rn | head -20

Haihitaji intaneti wala kusakinisha chochote zaidi ya Git yenyewe. Kwenye Windows iendeshe ndani ya dirisha la Git Bash.

Matokeo ya kwanza yatakuudhi. Juu kabisa utakuta package-lock.json au composer.lock, mafaili ya tafsiri, na mafaili yaliyotengenezwa na programu nyingine. Yatoe. Angalia pia kama kuna siku ambayo mtu alipanga nafasi na mabano kwenye mfumo mzima kwa mkupuo. Siku hiyo moja inaongeza 1 kwa kila faili na haina maana yoyote kwa swali lako.

Namba ya ugumu ichukue kwa Lizard, kichambuzi kidogo kinachosoma Java, JavaScript, Python, PHP na lugha nyingine kadhaa. Unakisakinisha kwa pip, kisha:

    lizard -w -C 15 -x "*/test/*" src

Kinatoa funksheni zilizovuka 15 kwa kipimo cha McCabe, moja kila mstari. Ziweke orodha mbili kando kando. Chukua kwamba faili la hesabu za chanjo lina funksheni ya ugumu wa 60 lakini limeguswa mara moja mwaka mzima, na faili la kupokea ripoti kutoka vituoni lina ugumu wa 24 lakini limeguswa mara 31. Anza na la pili. Lile la 60 limenyamaza. Huenda ni kanuni ya Wizara iliyoandikwa vibaya lakini inayotoa jibu sahihi, na haidai chochote kwako.

Mara nyingi mafaili yanayoangukia kwenye orodha zote mbili hayazidi matano. Hapo ndipo ripoti ya makosa elfu nne inapogeuka kuwa kazi ya wiki mbili.

Kuna watakaosema: mfumo wangu hauna Git, nilikabidhiwa folda tatu ndani ya flashi, moja inaitwa mfumo_mpya, nyingine mfumo_mpya_final, nyingine mfumo_mpya_final2_TUMIA_HII. Usikate tamaa. Tengeneza hazina ya Git leo, weka folda ya zamani zaidi kama hatua ya kwanza, kisha inayofuata juu yake, kisha ya mwisho. Hatua tatu si historia kubwa, lakini tayari zitakuonyesha mafaili yaliyokuwa yakibadilika. Mengine yatajikusanya kuanzia hapo.

Mahali pa kufanyia mazoezi

Kama bado huna mfumo wa kurithi, unaweza kujifunza kwenye DHIS2. Ndiyo programu inayobeba takwimu za MTUHA za vituo vya afya nchini Tanzania, hutengenezwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo kwenye mtandao wake kwa miaka mingi. Msimbo wake uko wazi GitHub, sehemu ya seva ikiwa kwa Java.

Ila angalia bando lako. Hazina ile ni kubwa, na ushauri wa kawaida ni kupakua hali ya sasa tu kwa kuweka --depth 1. Usifanye hivyo kwa kazi hii. Utapata msimbo bila historia, na amri yetu ya Git itakupa kila faili mara moja, kana kwamba mfumo wote uliandikwa jana. Njia nzuri ni hii:

    git clone --filter=blob:none https://github.com/dhis2/dhis2-core.git

Unapata historia yote ya nani kagusa faili gani lini, na mafaili ya sasa, lakini maandishi ya zamani ya kila faili yanabaki kule mpaka uyaombe. Ile --no-renames ndani ya amri ya juu inazuia Git kuanza kuyaomba yenyewe ili kukagua kama faili lilibadilishwa jina. Upakuaji bado si mdogo, lakini ni wa mara moja. Baada ya hapo unaweza kukaa Ndundu mtandao ukiwa umekatika na ukaendelea na kazi.

Kuhusu zana nyingine sitakawia. Anayeandika PHP atazame PHPStan. Wa JavaScript ana ESLint, ambayo ndani yake kuna kanuni ya ugumu inayowashwa kwa mstari mmoja wa mpangilio. Wa Python ana Ruff na Radon, wa Java ana PMD, Checkstyle na SpotBugs. SonarQube inayaweka mengi pamoja kwenye kurasa nzuri zenye grafu, na toleo la jamii ni la bure, lakini inataka gigabaiti kadhaa za kumbukumbu kwa ajili yake peke yake. Kwenye kompyuta mpakato ya gigabaiti 4 utakunywa chai mpaka iishe.

Zana isichokijua

Ukishapata mafaili yako matano, yafungue uyasome. Zana inajua umbo, haijui kazi. Tuseme ndani ya faili la kupokea ripoti kuna sharti linalozipa kata fulani siku za ziada kabla ya kuhesabiwa zimechelewa. Kichambuzi kitaliona kama tawi jingine la kupunguzwa. Lakini soma majina: Maparoni, Kiongoroni. Hizo ni kata za delta, karatasi zake husafiri kwa boti na kusubiri maji yajae. Aliyeandika sharti lile alikuwa na sababu, hata kama hakuacha maelezo. Ukilifuta ili namba ishuke kutoka 24 hadi 23, zahanati za visiwani zitaanza kuonekana haziripoti. Lihamishie kwenye jedwali, lipe jina linaloeleza, andika sababu.

Jihadhari zaidi na ripoti za msimbo mfu, yaani funksheni zinazodaiwa hazitumiwi na mtu. Katika lugha kama FoxPro mtu anaweza kutunga jina la funksheni kwa herufi wakati programu inakimbia, kwa alama ya "&", kisha akaiita. PHP nayo inaruhusu kuita funksheni kwa jina lililohifadhiwa ndani ya kigeu. Kichambuzi hakiwezi kuuona mwito wa namna hiyo. Na kuna funksheni zinazoamka mara moja kwa mwaka, wakati wa ripoti ya mwaka ya wilaya. Kabla ya kufuta, weka mstari unaoandika kwenye kumbukumbu za mfumo kila funksheni hiyo inapoitwa, subiri mzunguko mzima wa ripoti upite, kisha amua.

Mtu bora wa kumuuliza mara nyingi si programa. Ni karani anayeingiza data. Yeye anajua ni ukurasa gani unaoganda, ni ripoti gani huwa anaijumlisha upya kwa kikokotoo kwa sababu haiamini. Majibu yake yalinganishe na orodha yako. Faili likitajwa na Git, na Lizard, na karani, hakuna ubishi tena.

Piga picha kabla ya kugusa

Mifumo mingi ya kurithi haina majaribio. Huwezi kuyaandika yote, na huna haja. Kwa faili moja unalokwenda kulipanga upya, fanya hivi: chukua data halisi ya miezi sita, iondoe majina na namba za watu, ipitishe kwenye programu kama ilivyo sasa, na hifadhi kila ripoti inayotoka kama faili la maandishi. Hiyo ndiyo picha yako. Baada ya kila badiliko dogo, pitisha data ile ile na ulinganishe matokeo kwa amri ya diff. Ikiwa kuna herufi moja tofauti, simama.

Utakuta makosa ndani ya picha yenyewe. Pengine jumla ya Mgomba imekuwa ikiacha kituo kimoja kwa miaka. Vumilia. Msimbo uliopangwa upya utoe jumla ile ile yenye kosa, kazi ifungwe, kisha kosa lirekebishwe kama badiliko la peke yake, wakubwa wakiwa na taarifa kwamba namba zitabadilika na kwa nini. Mganga Mkuu wa Wilaya akiona takwimu zimepanda ghafla bila maelezo, ataacha kuiamini programu nzima, pamoja na wewe.

Nenda kwa hatua fupi. Kubadilisha jina la kigeu, kutoa kipande na kukifanya funksheni, kuhamisha funksheni kutoka faili moja kwenda jingine: kila moja ni hatua inayojitegemea kwenye Git, na kila moja inafuatwa na ulinganisho. IntelliJ IDEA na VS Code hufanya mengi ya haya zenyewe na kufuata kila mahali jina lilipotumika. Ziachie kazi hiyo. Mkono wa mtu husahau.

Kuhusu akili mnemba inayoandika msimbo, itumie ikupendekezee namna ya kuipasua funksheni ndefu, kisha pendekezo lake lipite kwenye picha yako kama la mtu mwingine yeyote. Ila usiipelekee, wala usiipandishie SonarQube ya mtandaoni, msimbo wenye data ya watu ndani yake. Mifumo ya afya huwa na mafaili ya majaribio yenye majina halisi ya wagonjwa, na nywila za seva zilizoandikwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haitakusamehe kwa kuwa ulikuwa unatafuta funksheni ndefu. Safisha kwanza.

Makosa elfu nne yaliyobaki

Umeshughulikia mafaili matano. Yale mengine je? Yagandishe. PHPStan ina amri ya kuandika makosa yote ya sasa kwenye faili moja la msingi:

    vendor/bin/phpstan analyse src --level 5 --generate-baseline

Ukishalitaja faili hilo kwenye mpangilio wa PHPStan, zana inanyamaza kuhusu ya zamani na kupiga kelele kwa mapya tu. SonarQube nayo hutenganisha msimbo mpya na wa zamani kwa mtindo huo huo. Kwa timu ya watu wawili au watatu hii ina faida kuliko kampeni yoyote ya usafi: deni halikui, na faili la msingi linapungua kila mtu anapopita mahali kwa kazi nyingine.

Kuna mfumo ambao hupaswi kuugusa kabisa. Kama utazimwa mwakani, uache. Microsoft walitangaza mwaka 2007 kwamba Visual FoxPro haitakuwa na toleo jingine baada ya la 9, na msaada wake ukakoma Januari 2015. Mtu aliyebaki na mfumo wa FoxPro asipoteze masika akiupendezesha. Bado uchambuzi utamfaa, lakini kwa kusudi jingine: kuorodhesha kanuni zilizomo ndani, moja baada ya nyingine, ili zihamishwe zote kwenye mfumo mpya. Katika ufuatiliaji wa kaya, baada ya HRS ilikuja OpenHDS, iliyoandikwa kwa Java na kupokea data kutoka kwenye simu na vishikwambi. Kanuni ya marehemu asiyehama ilipaswa kuvuka pia.

Unapokwenda kuomba muda wa kazi hii kwa bosi, usimpelekee namba ya ugumu. Haimhusu. Mwambie kwamba faili hili limebadilishwa mara 31 tangu Januari, kwamba kila fomu mpya ikija linachelewesha ripoti, na kwamba unaomba wiki mbili kulinyoosha. Mpe pia jina la ripoti itakayotoka mapema. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika sehemu za Muhoro na watu kuhamia maeneo ya juu, orodha za kaya na vijiji zilizokuwa sahihi Machi zilikuwa na makosa Mei. Mabadiliko ya namna hiyo yatakuja tena, na bosi wa Rufiji au Kibiti hahitaji kushawishiwa sana juu ya hilo.

Basi leo kabla hujafunga kompyuta, ingia kwenye folda ya mfumo wako na uendeshe ile amri ya Git. Toa mafaili ya lock na ya tafsiri, kisha faili litakalobaki la kwanza lifungue ulisome lote, kutoka mstari wa juu hadi wa chini, ukiwa na kalamu mkononi.